Ziwa sio shamba la bibi: barua kuhusu mama Ostrom

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Majanji, wilaya ya Busia upande wa Uganda. Gazeti lenu hutufikia siku moja ama mbili baada ya kutoka, linavuka mpaka na watu wa teksi, na hapa mwaloni, yaani ufukoni boti za uvuvi zinapofikia, tunalisoma kwa zamu. Sasa wiki mbili zilizopita mlitoa makala kuhusu samaki kupungua Ziwa Victoria, nimeisoma mara tatu na nimeshindwa kunyamaza.

Mwandishi alisema mengi ya kweli. Nyavu za macho madogo zipo, wavuvi wa kokoro, ule wavu wa kukokota mpaka ufukoni, wapo, mputa (sangara) wanaovuliwa kabla hawajazaa hata mara moja wapo, sisi tunaokaa hapa hatuwezi kukataa. Lakini alifika mahali akaandika kwamba ziwa ni mali ya wote na mali ya wote haina mwenyewe, kila mtu atavua tu mpaka waishe, kwa hivo dawa ni mbili peke yake, ama serikali ishike fimbo kali zaidi ama ziwa likatwe vipande wapewe wenye pesa wafuge samaki kwenye vizimba. Akasema hio ndio sayansi ya uchumi inavofundisha. Hapo ndio nimeshika kalamu, juu mimi nafundisha uchumi, senior five na senior six, mwaka wa kumi na sita huu, na mama yangu alinisomesha na pesa ya mukene, hao dagaa, aliokua anaanika hapa hapa Majanji. Uchumi haufundishi hivo tena. Ulikua unafundisha hivo, ndio, lakini kuna mama mmoja alikuja akauliza swali ambalo wakubwa wenzake hawakua wameuliza: je, kuna mtu ameenda kuangalia?

Wacha nianze na hio hadithi yenyewe. Iliyoieneza sana ni makala ya Garrett Hardin, Mmarekani, mtu wa baiolojia wala sio wa uchumi, aliyoitoa mwaka 1968 kwenye jarida la Science. Alisema fikiria malisho yaliyo wazi kwa wafugaji wote. Mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja faida ni yake yote, lakini hasara ya nyasi kuisha inagawanywa kwa kila mtu, basi ataongeza, na jirani ataongeza, na mwingine, mpaka malisho yanabaki vumbi. Toa ng'ombe weka nyavu, umepata ziwa letu. Ni hadithi yenye nguvu na nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa chuo niliumia, niliona kama inasema kuhusu watu wetu. Na serikali nyingi ziliipokea haraka, maana ilikua inasema wananchi wa kawaida wakiachwa peke yao watajimaliza, lazima aje mkubwa kutoka juu ama mwenye hela kutoka nje. Hardin mwenyewe miaka mingi baadaye alikiri kwamba alikosea kutosema wazi kwamba anazungumzia malisho yasiyo na utaratibu wowote. Lakini wakati huo hadithi ilikua imeshatembea dunia nzima na hilo neno dogo halikuwahi kuifikia.

Huyo mama ni Elinor Ostrom. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1933. Akiwa shule walimshauri asisome hesabu za juu kwa sababu ni msichana, na alipotaka kusomea udaktari wa uchumi pale chuo kikuu cha California, Los Angeles, idara ya uchumi haikumchukua kwa kukosa hizo hesabu. Akaenda sayansi ya siasa. Naomba wasomaji wenye mabinti wasome hio sentensi tena. Mwaka 2009 huyo huyo ndio akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi, akigawana na Oliver Williamson, na ilichukua miaka kumi mwanamke wa pili kuipata, Esther Duflo, 2019. Ostrom alifariki Juni 2012.

Kazi yake ya kwanza ilikua kuhusu maji ya chini ya ardhi huko huko Los Angeles. Watu na makampuni walikua wanavuta maji kwa pampu kila mmoja kivyake, maji yanashuka, mpaka maji ya chumvi ya bahari yakaanza kuingia kwenye visima. Kwa hadithi ya Hardin hao watu walitakiwa kuendelea kuvuta mpaka wanywe chumvi. Hawakufanya hivo. Walikaa vikao, wakaunda vyama, wakaenda mahakamani kupata mahali pa kukubaliana, wakapunguziana kiasi cha kuvuta. Ostrom aliandika hayo yote kwenye tasnifu yake ya 1965, miaka mitatu kabla ya Hardin. Yaani jibu lilikuepo kabla ya swali kupata umaarufu!

Baadaye yeye na mume wake Vincent walianzisha kituo chao chuo kikuu cha Indiana mwaka 1973, na wakaanza kukusanya habari za watu duniani wanaotumia mali ya pamoja bila kuiua. Kijiji cha Törbel huko milima ya Uswisi, ambacho sheria zake za malisho zimeandikwa tangu mwaka 1483. Wakulima wa Valencia Hispania ambao kesi za maji yao zinasikilizwa na baraza lao wenyewe kila Alhamisi. Vijiji vya Japani na misitu yao. Kitabu chake cha 1990 kuhusu kutawala mali ya pamoja ndicho kiliweka hayo yote mahali pamoja.

Lakini mfano ambao mimi nauweka moyoni ni wa wavuvi wa Alanya, mji wa pwani Uturuki, na ningependa kila baria, yaani mvuvi wa kuajiriwa botini, wa Ziwa Victoria ausikie. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wavuvi wa pale, kama mia moja hivi, walikua wanapigana. Sehemu nzuri za kutega zinajulikana, kila mtu anazitaka, watu wanawahiana, gharama inapanda na amani hakuna. Chama chao cha ushirika kikaanza kujaribu njia moja baada ya nyingine, na haikua kazi ya siku moja, iliwachukua zaidi ya miaka kumi kukosea na kurekebisha. Mwisho wakafika hapa: kila Septemba wanaandika majina ya wavuvi wote wenye leseni, awe mwanachama ama la. Wanaandika pia majina ya sehemu zote za kutega, zimepangwa mbali mbali ili wavu wa mmoja usimzibie mwenzake. Wanapiga kura ya bahati. Mimi nikipata sehemu namba tano leo, kesho nasogea upande wa mashariki kwenda namba sita, kesho kutwa namba saba, kila mtu anasogea hivo hivo mpaka Januari. Kuanzia Januari mpaka Mei wanageuza, wanasogea magharibi, juu samaki nao wanahama kufuata majira. Kila mmoja anapata siku yake kwenye sehemu nzuri na kila mmoja anakula siku za sehemu mbaya. Na mlinzi ni nani? Mlinzi ni yule ambaye leo ni zamu yake kwenye sehemu nzuri, huyo hawezi kulala, ukimwibia zamu anakukuta hapo hapo alfajiri na wenzake wote watamsaidia, sababu kesho inaweza kua yao. Ugomvi mdogo uliobaki wanaumaliza kwenye mgahawa wa kahawa. Nakala ya orodha wanaiweka kwa meya na kwa askari wa pale, serikali inajua na inaheshimu, lakini haikuitunga.

Angalia huo ujanja. Hakuna afisa kutoka mji mkuu angeweza kukaa ofisini akaujua, ungetoka wapi? Ulitoka kwa watu wanaojua ni mwezi gani samaki wanapita upande upi.

Sasa nitasema kitu nilichofanya darasani, juu wanafunzi wangu nao walinibishia. Nilileta beseni na maharage 40. Wanafunzi wanane wanazunguka beseni, kila raundi mtu anachukua anachotaka, yakibaki mimi nayafanya mara mbili ila yasizidi 40, kama samaki wanavozaana. Sheria ya kwanza, hakuna kuongea. Raundi ya kwanza maharage yaliisha, mikono ilipigana ndani ya beseni, mmoja alikua na kumi na tatu mwingine hana hata moja. Nikawaambia haya turudie, mara hii mna dakika tano za kuongea, mimi nimetoka nje. Niliporudi walikua wamekubaliana mbili mbili kila raundi. Nane mara mbili ni 16, zinabaki 24, zikizaana beseni linajaa tena. Wakaenda raundi kumi mpaka kengele ikalia, kila mmoja na maharage yake ishirini, kwenye beseni lile lile ambalo mwanzo liliisha kwa sekunde tano. Na kijana mmoja, wa familia ya wavuvi, alikua ameweka na adhabu: ukichukua tatu mara ya kwanza unaonywa, mara ya pili unakosa raundi moja, mara ya tatu unatoka. Sikumfundisha mimi. Ostrom na wenzake walifanya majaribio ya namna hii maabara, na pesa za kweli, wakakuta kitu hicho hicho, watu wakiruhusiwa kuongea uso kwa uso wanavuna kwa akili kuliko wakinyamazishwa. Uchumi wa zamani ulikua unasema maneno matupu hayabadilishi kitu. Majaribio yamesema yanabadilisha.

Na hapa kwetu kuongea kuna lugha yake. Mwalo kama Majanji una Wasamia, Wajaluo, Waganda, Wasoga, na wengine wamekuja kutoka mbali. Mkutano wa mwalo unafanyika kwa Kiswahili, bei ya mukene inapangwa kwa Kiswahili, ugomvi unaamuliwa kwa Kiswahili. Ndio maana naleta barua hii kwenu. Watu wanaohitaji kumsikia Ostrom zaidi kuliko wote hawajamsikia kwa lugha wanayofanyia vikao.

Sasa nije kwa BMU (Beach Management Units), kamati za kusimamia myalo, juu najua mwandishi wenu atasema, mwalimu, hayo tumeshajaribu Uganda yakashindwa. Ni kweli tulijaribu. Mwaka 2003 ilitoka sheria ya kuunda kamati za myalo, zile tunaita BMU, wakaingia wenye boti, mabaria, wachuuzi, watu wa kukausha na kuchoma, wanawake wakawekewa nafasi. Ilikua ni roho ya Ostrom kabisa, watumiaji wa ziwa walilinde pamoja na serikali. Mama yangu alikaa kwenye kamati awamu moja. Mwanzo ulikua mzuri, nakumbuka vikao chini ya mwembe vinaenda mpaka giza. Baadaye ikaharibika. Kamati sehemu nyingi zikajaa ndugu, wengine wakaanza kupokea kitu kidogo, doria ikipangwa mwenye kokoro anapigiwa simu mapema. Mwishoni mwa 2015 Rais akazisimamisha, na 2017 ulinzi wa ziwa ukapewa jeshi. Mputa wakubwa walirudi kuonekana baada ya hapo, hilo hata wanaolalamika wanakiri, na mimi sitalificha ili hoja yangu ionekane nzuri.

Lakini nauliza, kilichoshindwa ni nini hasa? Ostrom hakusema wape watu kamati na muhuri basi mambo yatakua sawa. Alikua anakataa dawa moja ya kila ugonjwa, alirudia hilo mpaka mwisho wa maisha yake. Alichosema ni kwamba ukiangalia zile jamii zilizodumu miaka mia na zaidi, unakuta mambo yanayofanana, akayahesabu manane. Ijulikane nani ni wa hapa na nani sio, na mpaka wa mali ni upi. Sheria ziendane na mahali, na wanaozifuata ndio wawe na mkono katika kuzitunga. Mlinzi awajibike kwa watumiaji. Adhabu ianze ndogo ipande polepole. Kuwe na mahali pa karibu na rahisi pa kuamua ugomvi. Serikali iheshimu haki yao ya kujipanga. Sasa chukua hayo ukayaweke kwenye kamati za myalo yetu uone tulipewa mangapi.

Nani wa hapa? Kamati haikua na nguvu ya kumwambia mtu aliyefika jana na boti tatu na pesa ya mabondo, vile vibofu vya mputa, kwamba mwalo umejaa. Leseni anaipata kwingine, anakuja nayo, basi ameshakua wa hapa. Wale waliojinyima kuvua kwenye matete wakati wa ngege (sato) kuzaa, wanaangalia mgeni anavua hapo hapo. Utajinyima tena mwaka ujao? Mimi singejinyima.

Sheria nani alitunga? Macho ya wavu, urefu wa samaki, na baadaye boti isipungue futi 28, yote yalishuka kutoka juu. Kwenye karatasi kamati iliweza kupendekeza sheria ndogo zake, lakini hapa kwetu sikuona hata moja ikifika mwisho. Sisemi hizo futi 28 ni mbaya, boti kubwa inakufikisha kwenye maji marefu na vile vidogo tunaita parashuti vinakaa pembeni kwenye watoto wa samaki, na vimezamisha watu pia. Nasema hakuna aliyekaa na mabaria kuwauliza mtu mwenye futi 22 atafikaje 28, kwa mkopo gani, kwa miaka mingapi. Sheria ambayo huwezi kuifuata hata ukitaka, inakufundisha kuwa mwizi.

Na adhabu. Hapa ndio roho inaniuma zaidi. Huku ziwani adhabu ya kwanza mara nyingi ni moto, wavu unachomwa, boti inachomwa. Ukianza na moto huna tena mahali pa kupanda. Aliyekosea mara moja kwa njaa na anayekosea kila usiku kwa biashara wanapata kitu kimoja, kwa hivo watu wanafichana, hata mtu mzima mwenye akili atamficha jirani yake, nani anataka kuona watoto wa jirani wanalala njaa kwa sababu yake? Angalieni vikundi vyetu vya akiba, vile vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Ukichelewa mkutano unalipa faini ya shilingi mia tano mbele ya wote, ukikosa kabisa unalipa zaidi, ukirudia unaitwa, ukiendelea unatolewa. Hakuna afande pale. Akina mama ambao hawajamaliza hata la saba wanalinda mamilioni mwaka mzima mpaka Disemba wanagawana, na pesa ipo. Hao ndio Ostrom alikua anawazungumzia, na kama angekaa Jumapili moja chini ya mti na kikundi cha mama yangu angeondoka na daftari limejaa.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Doria ikija ni leo, kesho iko kisiwa kingine, na ziwa ni kubwa, kilomita za mraba karibu 69,000. Jirani yangu yupo kila asubuhi.

Mtu atasema Ostrom ni wa Wazungu, hajui Afrika. Sio kweli. Kuanzia miaka ya 1990 mpango wake wa utafiti wa misitu ulifanya kazi Uganda, na watu wa Makerere, Abwoli Banana na William Gombya-Ssembajjwe, ndio walioingia misituni kupima. Waliangalia misitu mitano wakakuta jambo ambalo linafundisha. Sio kwamba msitu wa serikali lazima uwe mzuri ama wa mtu binafsi lazima uwe mzuri. Misitu miwili iliyokua na hali nzuri ilikua tofauti kabisa. Mmoja ni wa Namungo, msitu wa mtu binafsi, lakini mwenyewe alikua anaruhusu majirani waingie kuchukua kuni, maji, dawa za miti, hivo majirani ndio wakawa macho yake. Mwingine ni Echuya, kule kusini magharibi, msitu wa serikali, ambapo Abayanda, yaani Batwa, waliokua wanaishi ndani walikua wanaruhusiwa kutumia vitu vya msitu na wao wanatoa habari za wanaovunja sheria. Karatasi inasema mmoja ni binafsi mmoja ni serikali, lakini ukishuka chini unakuta kitu kimoja, wanaokaa karibu wana faida na wana sababu ya kulinda. Kuna misitu mingine yenye muhuri wa serikali ule ule wa Echuya na ilikua inakatwa. Yaani swali la mwandishi wenu, serikali ama tajiri, halikua swali lenyewe.

Na kitu kama hicho alikikuta Nepal kwenye mifereji ya kumwagilia. Mifereji iliyotengenezwa na wakulima wenyewe kwa mawe na matope na matawi, ilikua inafikisha maji mpaka kwa wale wa mwisho wa mfereji na inatoa mazao mengi kuliko ile ya saruji iliyojengwa na wataalamu na pesa za wafadhili. Sababu inashangaza lakini ukifikiri unaiona: mfereji wa matope unahitaji watu kuukarabati kila mwaka, kwa hivo wa juu anamhitaji wa chini, hawezi kumnyima maji halafu amwite kazini. Ikija saruji wa juu hamhitaji mtu. Mimi nikiona jengo la samaki limejengwa mwaloni bila mwalo kuulizwa nakumbuka Nepal.

Kuna swali gumu ambalo lazima nilijibu, mwanafunzi wangu aliniuliza na nilikaa kimya kidogo. Alanya ni wavuvi mia moja. Victoria ni nchi tatu, wavuvi hawahesabiki kirahisi, na mputa hana pasipoti, anazaa Uganda anavuliwa Kenya ama Tanzania. Maharage ya beseni moja yanaweza kufundisha nini kwa ziwa la namna hii? Jibu la Ostrom ni la nane katika yale manane: mali kubwa inahitaji ngazi, ndogo ndani ya kubwa. Mwalo uamue ya mwalo, nani anavua matete gani na lini. Wilaya na myalo ya jirani waamue ya ghuba yao. Nchi tatu zikae kwa yale makubwa, na hatuanzi na sifuri, shirika la uvuvi la Ziwa Victoria lipo tangu mkataba wa 1994 na makao yake ni Jinja, saa chache kutoka hapa. Kichwa tunacho, kinachokosekana ni miguu. Tulikata miguu 2015 kwa sababu ilikua na vidonda, badala ya kutibu vidonda. Na jeshi, kama lazima liwepo kwa wale wenye bunduki na biashara kubwa ya magendo, basi liwe ngazi ya juu inayoitwa ya chini ikizidiwa, sio ngazi ya kwanza ya kumkamata mtoto wa jirani na nyavu ya inchi nne.

Mawazo ya huyu mama hayakubaki kwa samaki na nyasi. Wanaofikiria hali ya hewa wanamtumia, alisema tusingojee mkataba mmoja wa dunia nzima, miji na mikoa na vijiji vianze kila kimoja kwa ngazi yake. Wanaofikiria elimu ya intaneti, kamusi zinazoandikwa na watu wa kujitolea, programu zinazotengenezwa bure, wanamtumia, maana hizo nazo ni mali ya pamoja yenye sheria na walinzi wake. Kubwa zaidi amebadilisha namna ya kuuliza. Zamani mchumi alikua anakaa mezani anachora mstari anasema watu wako hivi. Sasa anatakiwa aende aone. Duflo na wenzake nao wana njia yao tofauti, ya majaribio vijijini, lakini mlango wa mchumi kutoka ofisini na kukaa na watu Ostrom ni mmoja wa waliousukuma kwa bega.

Na bado kwenye darasa langu nafundisha Smith, Malthus, Keynes, na wao wana maana yao, lakini mtoto wa Majanji anamaliza senior six bila kusikia jina la mchumi ambaye aliandika kuhusu watu kama baba yake kwa heshima. Mimi naliingiza mwenyewe, kwa maharage. Walimu wenzangu wa Hoima, Kalangala, Mayuge, popote kuna mwalo, fanyeni hivo pia, beseni na maharage hayahitaji bajeti.

Kwenu Mhariri naomba mambo mawili. Kwanza mtoe sahihisho, juu kusema uchumi unafundisha njia mbili tu ni kosa la ukweli, sio tofauti ya maoni. Pili, mtume mwandishi huku, hata siku mbili. Asije kwa ofisi, aje mwaloni saa kumi na mbili asubuhi wakati boti za mukene zinarudi, akae na akina mama wanaoanika, awaulize wangeweka sheria gani kama wangeulizwa. Mama yangu ana miaka 71, macho yamepungua lakini anakumbuka kila mwezi wa kuzaa wa kila samaki, na ana orodha yake ya sheria saba ambazo kamati yao haikuwahi kuruhusiwa kuzipitisha. Ameniambia nimwandikie, ziko kwenye daftari ya mukene, ukurasa wa nyuma.

Mwalimu wa uchumi,
Majanji, Busia, Uganda.